Sentimita Kumi za Mwanzo

Futi ya karakana ilikuwa imekatika kichwa. Hakuna aliyejua ilikatikaje. Kila mwanachama wa klabu ya useremala alikuwa na hadithi yake, na Dereva, ambaye alistaafu malori lakini hakustaafu uongo, alikuwa nazo tatu. Lililokuwa wazi ni kwamba sentimita za mwanzo hazikuwepo, na mstari wa kumi ndio uliobaki mbele, umechakaa lakini unasomeka. Basi ukipima ubao unaweka kumi ukingoni, na mwenzako wa upande wa pili anaongeza kumi kwenye kipimo chake. Ukitaka mita moja, alama inatiwa penye mia na kumi. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Ila mikono ikishika mbao na midomo ikishika soga, hesabu ya darasa la pili huwapiga watu wazima chenga.

Kwa hiyo Mwalimu, mkuu wa klabu, aliweka desturi. Aliyeshika mwanzo huita, "Kumi!" Aliyeshika mwisho hujibu, "Ninayo!" yaani nimeipokea, nitaiongeza. Bila jibu, penseli haigusi ubao. Kisha wanabadilishana ncha na kupima upya. Mchana mzima wa Jumamosi ilisikika hivyo, katikati ya misumeno na vikohozi vya vumbi: Kumi! Ninayo! Kumi! Ninayo! Wapita njia walidhani ni kwaya yenye wimbo wa maneno mawili.

Karakana yenyewe ilikuwa stoo ya zamani nyuma ya shule. Meza nne za kazi, madirisha mawili ya wavu, na vifaa vya watu kumi na mmoja vikining'inia kwenye misumari bila jina la mtu. Ukutani, kwa rangi nyekundu, palikuwa na maneno aliyoyaandika Mwalimu siku ya kwanza ya klabu: HAPA KOSA HALINA MWENYEWE. Na kweli, mtu akipasua ubao, wote walikuja kuutazama ule mpasuko, wakabishana ulianzia wapi na ulifuata njia gani, na hakuna aliyeuliza ni mkono wa nani.

Sindano alikuwa na miaka miwili mle ndani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, fundi wa nguo, mwenye cherehani yake kwenye baraza la duka la madaftari. Jina hilo alipewa na Kinyozi, katibu wa klabu, siku ile ile alipoingia mlangoni na futi ya kitambaa shingoni.

"Dada, umepotea njia? Hapa hatushoni."

"Najua. Nimekuja kukata."

"Mkasi umeleta?"

"Nimeleta mikono. Ulimi naona upo wa kutosha."

Watu wakacheka, na Kinyozi akacheka kuliko wote, maana alikuwa mtu wa kupenda kuchomwa. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliitazama ile futi ya kitambaa akasema, "Karibu. Lakini kitu hicho kinavutika kama ahadi za mgombea. Kisiguse ubao wangu." Tangu siku hiyo Sindano aliivaa tu, kama mwingine anavyovaa mkufu, kwa mazoea.

Wiki tatu za kwanza alipewa randa na kipande cha mti laini, akaambiwa asifanye lolote jingine mpaka atoe unyoya mmoja mzima wa mbao, mwembamba, toka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila kukatika. Alitoa makombo. Alitoa vumbi. Alitoa jasho na matusi ya chini chini. Wiki ya nne unyoya ulitoka, mrefu, ukajikunja kama utepe wa gauni la harusi, na karakana nzima ikaacha kazi. Dereva aliuvaa sikioni mpaka wakati wa kufunga mlango.

Mwalimu alikuwa mwalimu hasa. Hili lazima lisemwe, kwa sababu bila hili hadithi hii haiumi. Alifundisha useremala shuleni miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akaona hawezi kukaa nyumbani kuhesabu vigae. Hakumcheka mtu, hakumwonea mtu huruma. Akisimama nyuma yako hakushika mkono wako. Alikugusa kiwiko tu, kwa vidole viwili, na msumeno ukanyooka wenyewe. Sindano alikuwa amesubiri vidole viwili kama hivyo tangu utoto.

Maana baba yake mzazi alikuwa seremala, na hakuwahi kumruhusu hata kushika kipini cha patasi. "Vya kaka yako hivyo," alikuwa akimwambia, na binti alipofika miaka kumi na mitano akanunuliwa cherehani. Kaka mwenyewe hakuvitaka. Alikwenda kuwa karani wa ofisi ya bima, akawa na kalamu mbili mfukoni, na vifaa vya baba vikaazimwa kimoja kimoja na watu wasiorudisha. Vilibaki vitu viwili: kitanda cha mama, na ubao mmoja wa mvule.

Kitanda na ubao vilitoka kwenye mti mmoja. Mama alikuwa mrefu, mrefu wa kugeuza shingo za watu, na baba alimwita Mlingoti. Vitanda vya dukani vilimkunja. Baba akampimia chake: mita moja na sentimita tisini, toka ubao wa kichwani hadi ubao wa miguuni, wenye fito zilizosimama. Akasema mke wake hatalala amejikunja kama mtu anayeomba radhi. Ubao uliobaki akauweka, na kabla hajafa akaacha neno: huo ni wa mwanangu atakayekuwa fundi. Kaka akaupandisha juu ya kabati lake, na huko ukakaa miaka ishirini na miwili.

Sasa mchwa walikuwa wamekula mbavu za kitanda, zile mbao mbili ndefu za ubavuni. Kichwa kilikuwa kizima, miguu ilikuwa mizima, lakini katikati palikuwa unga. Mama, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa akilala kwenye godoro sakafuni, na kila asubuhi Sindano alimwinua kwa kumkumbatia kifuani, wote wawili wakitweta, mama akitania kwamba amerudi utotoni lakini safari hii mbeleko haitoshi.

"Nipe ubao wa baba," Sindano alimwambia kaka yake. "Nitengeneze mbavu."

"Baba alisema fundi."

"Mimi ni nani?"

"Fundi wa sketi." Kaka alicheka. "Nunua mbao sokoni bwana, mama alale."

Lakini mama mwenyewe alikataa mbao za sokoni. Alisema amelala juu ya mti ule tangu aolewe, hataki kufa juu ya mti asioujua. Basi Sindano akarudi na kigoda alichokitengeneza karakanani, akakiweka sebuleni kwa kaka. Kaka akakikalia, akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia, akatafuta kinapolegea. Hakupapata. Akainuka taratibu.

"Haya, chukua. Lakini siku ya kukata nitakuwepo. Na ukiharibika, usije kulia kwangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ubao mmoja, wa pili hakuna. Ulikuwa mita mbili na ushee, upana sentimita thelathini. Mwisho wake mmoja ulikuwa na ufa, uliokuwa ukianzia sentimita chache baada ya mia na tisini. Ukikatwa hapo, kisha ukapasuliwa kati kwa urefu, unatoa mbavu mbili kamili. Sindano hakulala vizuri wiki ile. Hakuwa akiwaza kitanda tu. Alikuwa akiwaza lile neno moja ambalo kaka yake angelazimika kulisema akiona kazi imekwisha.

Jumamosi kaka alifika karakanani amevaa shati la ofisini, na mkononi ana kitu cha manjano. Futi mpya ya mita tano, ya chuma, yenye kitufe cha kuifunga.

"Nimewaletea zawadi," alisema. "Nasikia mnapima kwa futi isiyo na kichwa."

Wote wakacheka, na Mwalimu akacheka pia, lakini masikio yake yalishika rangi. Aliipokea, akaivuta, akaiachia ikarudi kwa mlio. "Basi leo tutapima kisasa," akasema, na ile ya zamani akaisukuma pembeni ya meza.

Ubao wa baba ulilazwa juu ya meza mbili. Watu walisogea. Hata Dereva aliacha hadithi zake. Sindano alikwenda upande wa mwanzo, Mwalimu upande wa mwisho na penseli sikioni, na kaka akasimama karibu na Mwalimu akimweleza habari za bosi wake aliyenunua meza ikavunjika siku ya pili.

Sindano alishika futi. Vidole vyake vilipita kile kichwa kipya cha chuma bila hata kukitazama, vikaenda moja kwa moja kwenye kumi. Miaka miwili! Vidole havina macho. Aliubana mstari wa kumi ukingoni mwa ubao, akaita kama alivyofundishwa.

"Kumi!"

"Ninayo!" alijibu Mwalimu, na kwa pumzi ile ile akamgeukia kaka, "Meza ya gundi tupu hiyo, bwana, haina hata kiungo," na akatia alama penye mia na tisini.

Mdomo wake ulikuwa kwenye futi ya zamani. Penseli yake ilikuwa kwenye futi mpya.

"Tubadilishane ncha?" aliuliza Dereva, akainuka.

"Mbele ya mgeni?" Mwalimu alitabasamu. "Unataka aone tunababaisha? Ubao umepimwa."

Dereva akakaa.

Sindano alizunguka meza na msumeno mkononi. Akasimama mbele ya mstari. Kitu hakikukaa sawa. Mtu aliyekata nguo miaka thelathini na mitano hahitaji futi kujua mkono mfupi na mkono mrefu, jicho humwambia. Kati ya mstari ule na mwanzo wa ufa palikuwa na mbao safi, nzima, upana wa kiganja kizima na zaidi. Futi ya kitambaa ilikuwa shingoni mwake. Alichohitaji ni kuishusha tu.

"Mwalimu," alisema, "naona kama tunatupa mbao nzima hapa."

"Ufa hutangulia ndani kabla haujaonekana nje, Sindano. Kata."

"Lakini naona kama ni fupi—"

"Unaona nini?" Mwalimu aliwatazama watu, kisha kaka. "Hapa si gauni, mama. Hapa hakuna pindo la kuteremsha."

Karakana ilipasuka kwa kicheko. Kaka alicheka mpaka akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Na Sindano, ambaye alimjibu Kinyozi siku ya kwanza mbele ya watu asiowajua, safari hii aliinua msumeno tu. Alikuwa mbele ya vidole viwili vilivyomnyooshea kiwiko. Aliweka msumeno kwenye mstari wa Mwalimu, akakata. Alikata vizuri sana. Kila mtu alisema hivyo. Hata kaka alisema, "Si mchezo," na Sindano alilibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Wiki nzima iliyofuata walifanya kazi jioni baada ya jioni, nje ya ratiba, kwa ajili yake. Kinyozi alifunga kibanda mapema akaja kupiga msasa. Dereva alitafuta vishikizo vya chuma vya kushikamanisha mbavu na kichwa, akavisugua kutu mpaka vikang'aa. Mbavu mbili za mvule zilitoka laini, za rangi ya kahawia iliyokolea, na ukizipitisha kiganja ungedhani ziko hai. Hakuna aliyezipima tena. Zilikwishapimwa.

Jumamosi ya pili walizibeba hadi kwa mama. Mama alikaa kwenye kigoda cha mwanawe karibu na dirisha, amejifunga shuka mabegani, akawapa amri kama bwana harusi anayehamisha vyombo. "Taratibu hapo kwenye ukuta. Wewe mwenye kipara, inama. Aliyekinyoa ni nani?"

"Najinyoa mwenyewe, mama," alisema Kinyozi.

"Ndiyo maana."

Vishikizo viliingia bila kugongwa. Kitanda kilisimama, hakikulia, hakikuyumba. Kaka, aliyekuwa mlangoni, alifungua mdomo, na Sindano aliona lile neno likija. Aliliona kabisa, limekaa kwenye ulimi.

Ndipo Dereva na Kinyozi walipoinua godoro. Upande wa kichwani liliingia. Upande wa miguuni liligoma. Walilisukuma, likanyanyuka katikati kama mgongo wa paka. Dereva akalikalia. Alipoinuka, likanyanyuka tena.

Kaka alivuka chumba, akachukua ile futi yake ya manjano kwenye mfuko wa Mwalimu, akapima ubavu.

"Mia na themanini." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani alipima?"

Sindano alimtazama Mwalimu. Alisubiri. Hakuwa na hofu bado. Maneno mekundu ya ukutani yalikuwa kichwani mwake, na alijua kinachofuata: Mwalimu atasema ni mimi, watu watakuja kuutazama mkato, watajadili ulikoanzia.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Klabu yetu ina kanuni," alisema. "Kosa halina mwenyewe. Tutajifunza kutokana na hili."

"Ubao una mwenyewe," alisema kaka. "Nauliza tena. Nani alipima?"

"Mwanzo alishika Sindano," alisema Kinyozi.

Hakulisema kwa ubaya. Na lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilichoma hivyo.

"Nilishika kumi," alisema Sindano. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Nikaita kumi."

"Futi mpya inaanza na sifuri, dada," Kinyozi alisema, kwa upole kabisa, kama anayemfundisha. "Nani alikutuma kumi?"

"Ndiyo desturi yetu! Niliita. Mwalimu akajibu."

"Alijibu nini?" aliuliza kaka.

Chumba kizima kikamgeukia Mwalimu. Alikuwa bado anaifuta miwani, kioo kimoja kimoja, kama mtu mwenye siku nzima.

"Sikumbuki," alisema. "Kulikuwa na kelele."

Sindano alimgeukia Dereva. Dereva ndiye aliyeinuka siku ile akitaka wabadilishane ncha; Dereva alisikia; Dereva alikuwa na hadithi tatu kwa kila jambo duniani. Dereva alikuwa anavitazama viatu vyake, na hakuwa na hata moja.

Kaka aliifunga futi. "Nilikwambia," alimwambia dada yake, na hakupandisha sauti. "Baba alijua alichokuwa anasema."

Mama aliinuka kwa kushika dirisha, akatembea hadi kitandani, akaupapasa ubao wa mvule kwa kiganja, polepole, kwenda na kurudi.

"Acheni kelele," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akipiga kelele. "Kitanda kinanitosha. Na mimi nimepungua."

Hakuwa amepungua. Kesho yake Sindano alikata godoro kwa kisu cha jikoni, sentimita kumi, sponji likimwagika sakafuni kama makombo ya mkate, na usiku huo mama alipolala na mto wake, nyayo zake zilipita kati ya fito za miguuni zikatoka upande wa pili. Zilikaa pale nje, mbili, ndefu, zimeelekea mlangoni. Akitaka kuzirudisha ndani ilimlazimu kukunja magoti.

Sindano hakwenda karakanani Jumamosi iliyofuata, wala ile ya baada yake. Barazani kwake watu waliuliza. Mke wa Kinyozi alileta sketi ya kupunguzwa, akasema, bila kumtazama, kwamba kila mtu hukosea, la muhimu ni kukubali. Mteja mwingine, ambaye hajawahi kukanyaga karakanani, alimwuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyeharibu ubao wa marehemu baba yake kwa kutojua kusoma futi. Sindano alikuwa na futi shingoni wakati anaulizwa. Alimpima mteja kiuno, akaandika namba, akamwambia aje Alhamisi.

Wiki ya tatu, mchana, Mwalimu alibisha hodi kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfundisha?" Mama alikuwa amejilaza, shuka limemfika kwenye vifundo vya miguu. "Ulimfundisha vizuri. Kitanda hakilii hata kidogo. Kimekosa urefu tu."

Pale palikuwa na nafasi. Sindano alikuwa amesimama na birika mkononi, na aliiona nafasi ile ikifunguka mbele ya Mwalimu, pana kama mlango. Hakukuwa na kaka, hakukuwa na Kinyozi. Bibi mmoja tu wa miaka themanini na mmoja.

"Ndiyo, mama," alisema Mwalimu. "Wanafunzi hukosea. Mkono bado ni mzuri."

Kisha akatoa kitu kwenye gazeti. Kisanduku kidogo cha mvule, ukubwa wa ngumi mbili, na pembe zake zote nne zimeungwa kwa meno yaliyoshikana kama vidole, bila gundi kuonekana, bila pengo la kupitisha hata uzi. Sindano hakuwahi kuona kazi nzuri kama ile kwa mkono wa mtu. Aliutambua mti.

"Ni kile kipande kilichobaki," Mwalimu alisema. "Sehemu isiyokuwa na ufa. Niliona si vizuri kukitupa." Akakohoa. "Jumamosi tunakungoja. Nimezungumza nao. Wamekusamehe, na nimewaambia jambo hilo lisitajwe tena."

Sindano aliweka birika chini.

Alikipokea kisanduku kwa mikono miwili, akakiweka dirishani. Kisha alikwenda kabatini akatoa futi ya manjano, ambayo kaka yake aliiacha siku ile na hakuirudia.

"Asante, Mwalimu. Sasa nisaidie kidogo. Nataka kupima ubavu, nijue ni shuka la kiasi gani nimshonee mama. Shika mwisho."

Alimpa kile kikasha cha futi ya manjano chenye kitufe, na Mwalimu, ambaye alikuwa amepewa mwisho wa futi mara elfu maishani mwake, alikishika na kurudi nyuma kuelekea miguuni, mkanda ukijifungua kati yao. Sindano alipiga goti kichwani mwa kitanda. Akapitisha vidole, akakipita kichwa cha chuma, akaubana mstari wa kumi ukingoni.

"Kumi!" aliita.

"Ninayo!" alijibu Mwalimu.

Lilimtoka kabla hajajua, kwa sauti ile ile, kwa wepesi ule ule. Na kwa kuwa tayari alikuwa ameinama, macho yake yakasoma, na mdomo wake ukasema kilichosomwa: "Mia na tisi—"

Alibaki ameinama pale miguuni, uso wake karibu kabisa na nyayo za mama. Sindano alimtazama tu, amepiga goti upande wa pili wa futi. Miaka miwili alimtazama mtu huyu akisimama nyuma ya watu. Hakuwahi kumwona mbele.

"Mia na tisini?" aliuliza mama, kichwa kikiwa kwenye mto. "Si ndicho kipimo alichonipimia mume wangu?"

Mwalimu aliitazama tena ile namba.

"Basi kama ni mia na tisini," alisema mama, akizichezesha nyayo zake hewani, "mbona mimi siingii?"

Sindano alimngoja Mwalimu. Alimngoja kwa muda mrefu kuliko siku ile ya godoro, na safari hii hakukuwa na miwani ya kufuta, maana mikono yake ilikuwa imeshika futi. Midomo yake ilifunguka mara moja. Halafu alibonyeza kitufe, taratibu; Sindano akauachia mkanda, ukarudi ndani kwa mlio. Mwalimu akaiweka futi kitandani, karibu na goti la mama.

"Nitapita siku nyingine, mama," alisema. "Nimechelewa."

"Haya, baba. Wasalimie."

Mlango ulipofungwa mama aligeuza kichwa. "Huyu naye ana nini? Hajanywa hata chai."

"Amechelewa, mama."

"Jumamosi utakwenda?"

"Siendi."

"Kwa sababu ya kitanda? Mwanangu, kosa moja tu."

Sindano alifungua kinywa. Angeweza kumwambia. Angemwambia yote, kumi kwa kumi, na mama angemwamini, kisha angelala kila siku juu ya mti wa mumewe akijua ulikatwa na ukimya. Alikifunga.

Alichukua shuka lililokunjwa kwenye kiti, akaketi karibu na dirisha penye mwanga, akageuza upande wa miguuni. Akaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono, akaanza kulifumua pindo, uzi kwa uzi, nyayo za mama zikimwelekea. Lilipofunguka lote alilinyoosha juu ya goti, akashusha futi ya kitambaa shingoni, akaweka sifuri ukingoni.

Zilipatikana sentimita nne.